Mwiba na Mlingoti wa Mkonge

Katika karakana ya mjomba, mjini Voi, kazi ya kwanza ya mwanagenzi ilikuwa kushika. Ndovu na twiga wadogo wa mbao, hereni, vishikio vya funguo: unakishika kipande kwa ncha za vidole, mjomba anapuliza rangi upande mmoja, unakigeuza, anapuliza wa pili. Kila kipande kilibaki na doa pale kidole kilipokaa. Tulilipaka kwa brashi, na bado lilionekana.

Abiria wa mabasi ya Mombasa na Nairobi hawakujali. Anayenunua dirishani huku dereva akipiga honi hamgeuzi ndovu kumtazama tumbo. Lakini treni mpya ilipoanza mwaka 2017 wengi wao walituhama, tukawa tunategemea maduka ya watalii. Mwenye duka huagiza vipande vingi vya rangi moja, akavipanga mezani na kuvikagua kimoja kimoja. Vyenye doa vilirudi.

Tukajaribu kuvilaza juu ya gazeti. Hewa ya kopo la rangi ina nguvu, hereni nyepesi zikaruka. Vile vizito vilivyobaki vilikusanya rangi kwenye ukingo unaogusa karatasi, na ukivibandua karatasi inakuja navyo. Kisha kuna vumbi letu jekundu, lile linalowapaka ndovu wa Tsavo. Likitua kwenye rangi mbichi, dawa ni msasa na kuanza upya. Mjomba akahamishia kupuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka. Vumbi likapungua, ila kushika bado kulitushinda.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja wa Mwatate, aliyekata mkonge miaka mingi. Alikuja kutengenezewa kiti, akatutazama kwa muda, akasema, "Wanangu, mbona hamchomeki?"

"Tuchomeke wapi, mghosi?" mjomba akamuuliza.

Aliporudi kuchukua kiti chake alikuwa na vipande vya mlingoti wa mkonge begani. Mkonge huchanua mara moja tu: hutoa mlingoti unaoweza kufika mita 6, kisha mmea wenyewe hufa. Huku kwetu tuliujua kwa kujengea ua na mazizi. Nilikuwa nimepita kando ya milingoti hiyo maisha yangu yote bila kujua kwamba ikikauka, chini ya ganda gumu mna nyama laini na nyepesi, unayoweza kuichoma kwa nguvu ya kidole tu na ulichochomeka kikasimama wima.

Mzee aliupasua kwa urefu, akaulaza ganda chini. Akachukua miiba mirefu ya mgunga, akaichonga upande mnene, akaichomeka upande huo kwa safu. Sisi tukatoboa tundu dogo chini ya mguu wa kila ndovu na kumsimamisha juu ya ncha. Hapo kazi ikageuka kabisa. Hugusi tena kipande, unauzungusha mlingoti. Unapuliza ukiwa umbali wa sentimita 25 hivi, tabaka jembamba, unasubiri, unarudia, kisha unaubeba mlingoti mzima hadi ndani ukauke mbali na vumbi. Mjomba aliushika ule wa kwanza uliokamilika akawaita majirani waje waone.

Baadaye tulijaribu mengine. Povu jeupe linalofungia televisheni lilishika vizuri mpaka rangi ilipoligusa. Vimiminika vilivyomo kwenye rangi huliyeyusha, na vipande vikalala. Waya uliyumba, vikagongana. Kwa vishikio vya chuma, sumaku za spika kuukuu zinafaa sana, na hereni bapa tunazilaza juu ya tepu iliyogeuzwa gundi juu. Vinyago vimebaki kwenye mkonge.

Mwiba mmoja una udhaifu wake: hewa ikimpiga twiga kando, huzunguka. Kijana ninayemfundisha sasa ndiye aliyelimaliza hilo. Hutoboa matundu mawili, mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto, akamsimamisha juu ya miiba miwili. Mjomba alipoona, aliagiza milingoti yote ichomekwe upya kwa mtindo huo.