Pikapu Hudhani Imebeba Mzigo Kila Siku

Wiki hii tarakilishi zipumzike kidogo. Kila nikitaja pikapu yangu hapa, hata kwa kupitia tu, hakosi msomaji wa kuniuliza: "Nami nimeweka akiba, ninunue?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo leo najibu wote kwa pamoja. Sitasema habari za nguvu za injini wala urembo wa taa. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nitasema kero, hizi ndogondogo za kila siku ambazo hazimo katika kijitabu chochote cha matangazo.

Yangu ni dabokebini ya dizeli, ya tani moja, niliyoinunua ikiwa imetumika tayari kwa ajili ya shamba la wazazi huko Kinangop. Mimi naishi na kufanya kazi Nairobi. Siku tano za wiki inanibeba mimi na kipakatalishi changu tu. Wikendi nyingi inabeba viazi, mbolea na chakula cha ng'ombe. Shikeni picha hiyo akilini, maana kero karibu zote zinatoka hapo.

Sisi waandishi wa programu tuna neno "chaguo-msingi". Ni kile ambacho mfumo hukichukulia kuwa kweli usipouambia lolote. Chaguo-msingi la pikapu ni kwamba nyuma kuna tani moja. Iwe Hilux, D-Max, Ranger au L200, aliyeichora alianza na mzigo, abiria wakafikiriwa baadaye. Ukiiendesha tupu, unatumia mfumo nje ya kazi yake, nao utakukumbusha kila siku. Haya, tuanze.

1. Kurushwarushwa

Nyuma ya pikapu nyingi kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mtindo uleule wa lori. Vyuma hivyo lazima vihimili kilo 1,000 bila kulala chini. Sasa pikapu tupu ina uzito wa karibu tani 2, na sehemu kubwa iko mbele kwenye injini na kebini. Nyuma hubaki na kilo 800 hivi. Ukipakia mzigo kamili, uzito unaokalia zile springi huongezeka zaidi ya maradufu. Fizikia ya sekondari inasema springi ileile ikibeba nusu ya uzito hutikisika kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 40. Ndiyo maana tuta ambalo Vitz hulipita kwa heshima, pikapu tupu hulipiga teke. Chai yoyote iliyo mkononi ni halali ya shati lako.

Tia magunia 20 ya viazi ya kilo 50, na gari hilohilo linatulia kama bibi harusi. Watu hudhani nawatania nikisema safari yangu laini kuliko zote ni ile ya kurudi kutoka shamba na tani nzima mgongoni.

2. Nyuma nyepesi

Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari, na ndiyo yenye uzito mdogo gari likiwa tupu. Ukitoka kwenye lami Njabini wakati wa masika ukaingia barabara ya tope, nyuma huanza kutembea kwa njia yake. Mzee wangu hushauri nitie magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Inasaidia, mradi yafungwe. Gunia lisilofungwa hutaka kuja mbele ukikanyaga breki.

Na breki nazo zina kisa chao. Pikapu nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayopima jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikiwa juu, vali huelewa kuwa gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Bodi ikishuka, inaachilia nguvu zaidi. Ni kihisi kizuri sana, hakina waya wala programu. Lakini huku kwetu kila mwenye pikapu huenda kwa fundi kuongezewa chuma kimoja au viwili kwenye springi ili abebe zaidi. Bodi inainuka, vali inaendelea kusoma "tupu" hata ukiwa na mzigo, na breki za nyuma zinafanya kazi pungufu siku unayozihitaji zaidi. Data mbovu ikiingia, uamuzi mbovu hutoka. Ukiongeza springi, mwambie fundi arekebishe na vali. Akikuuliza vali gani, tafuta fundi mwingine.

3. Upepo wa magurudumu

Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kilicho kwenye fremu. Mara nyingi utaona vipimo viwili vya upepo: cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na kile cha nyuma hupishana sana. Maana yake ni kwamba Ijumaa jioni unaongeza na Jumapili usiku unapunguza. Mhudumu wa kituo cha mafuta hana habari na hayo. "Thelathini na tano zote, mkubwa?" Ukimwambia nyuma zaidi, mbele kidogo, anakutazama kana kwamba umeagiza chai yenye chumvi. Siku hizi natembea na kipimo changu mwenyewe.

4. Urefu

Dabokebini ina urefu wa karibu mita 5.3. Nafasi nyingi za maegesho mjini huchorwa kwa kuwazia gari la mita 5 au chini yake. Kwa hivyo pua hubaki njiani na kila anayepita hunitazama kwa jicho la kulaumu. Kugeuka nako, pikapu inahitaji duara la zaidi ya mita 12, ilhali gari dogo linatosheka na chini ya 10. Katika barabara za mitaani kwetu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utageuka mara moja au utarudi nyuma mara tatu huku bodaboda wanne wakikushauri kwa wakati mmoja.

Kilango cha nyuma nacho ni kirefu kuliko mtoto wa chekechea. Hapa sitanii. Kwenye ploti yetu watoto huchezea uwanjani, na kioo hakionyeshi kilicho chini ya kilango. Nilifunga kamera ya nyuma kabla ya kufunga redio.

5. Nyuma kuna nafasi, na hakuna nafasi

Bodi ya dabokebini ina urefu wa mita 1.5 hivi. Godoro la futi 6 ni mita 1.83. Fanya hesabu. Kila anayehama huamini kitanda chake kitaingia, na kila mara tunaishia na kilango wazi, kamba, na godoro linalopunga mkono kwa magari ya nyuma.

Na kisha hakuna mahali pa kufungia kitu. Gari dogo lina buti. Pikapu ina jukwaa. Kipakatalishi, mkoba, mboga za jioni, vyote vinakaa kitini na wewe. Kitu chochote chepesi kilichoachwa nyuma kwenye msongamano ni sadaka. Turubai linasaidia hadi mvua inyeshe, kisha linashika kidimbwi ambacho hukimwagia kioo cha nyuma ukifunga breki. Hata gurudumu la spea linaning'inia chini ya bodi, likila tope mwaka mzima na kuwatamanisha wezi. Langu nimelitilia kufuli, na kufuli limeshika kutu. Siku ya pancha nitahitaji msumeno kabla ya jeki.

6. Makaratasi

Serikali nayo ina chaguo-msingi lilelile. Kwake pikapu ni gari la biashara hata likiwa limebeba mwandishi wa programu mmoja na kikombe cha chai. Kuna ukaguzi wa kila mwaka. Kuna kodi ya mapato inayolipwa mapema, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha hadi shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba au shilingi 5,000 kwa mwaka, kulingana na ipi ni kubwa zaidi. Kwa pikapu ya tani moja, ni 5,000. Hukatwa kwenye kodi yako ya mwaka, kwa hivyo hazipotei, ila zinatangulia. Bima nayo hukuuliza kama unabeba mali yako au ya watu, na jibu lako ndilo linaloamua kama utalipwa siku ya ajali. Ukibeba viazi vya shamba la mama yako kuvuka kaunti, kuna kizuizi cha ushuru wa mazao, na kumweleza mtoza ushuru kuwa ni vya kupika nyumbani ni kazi ya nusu saa.

7. Simu

Hadi hapa ni kero za chuma na karatasi. Sasa za binadamu. Jamaa na marafiki nao wana chaguo-msingi: kwamba nyuma ni tupu, kwa hivyo ni bure. Kuhama kwa binamu. Tangi la maji la shangazi. Viti vya harambee. Hakuna anayeuliza "je, gari lina kazi?" Wanauliza "unatoka saa ngapi?"

Nilifanya kile ambacho mtu wa fani yangu angefanya. Nilitengeneza kalenda ya pamoja mtandaoni, kila mtu aone siku zilizo wazi na ajiandikishe. Pembeni niliweka kikokotoo kidogo: lita 9 hadi 10 za dizeli kwa kilomita 100, jumlisha magurudumu, mafuta ya injini na springi, ujue safari ni pesa ngapi. Binamu zangu wanakitumia na hulipa bila maneno. Shangazi aliitazama kalenda kwenye rununu yake, akaisifu sana, kisha akanipigia simu: "Sasa, utakuja Jumamosi?" Nilienda. Mfumo wowote una mtumiaji mkuu asiyezuiliwa na kitu.

8. Watu

Hili ndilo nililotaka hasa mlisome kabla ya kulipa.

Mwaka jana tulikuwa na mazishi nyumbani. Baada ya kuzika mvua ilishuka, na kutoka makaburini hadi boma lenye chakula ni kama kilomita 3 za tope. Nilipowasha gari, wazee na akina mama wa kwaya walikuwa tayari wameinua miguu kupanda nyuma. Nikazima injini, nikashuka, nikawaomba washuke.

Nyuma hakuna mkanda, hakuna kiti, na ni ile nyuma nyepesi niliyoeleza juu, inayorusha na kuteleza. Viazi hulala chini na uzito wao unabaki chini. Watu husimama au huketi ukingoni, na uzito unapanda juu, gari linakuwa rahisi kupinduka. Hayo yote huwezi kuyaeleza kwenye mvua, mbele ya watu waliokulea. Baba mdogo alinitazama mbele ya wote akasema, "Kijana, kumbe viazi vina thamani kuliko sisi?"

Nikamjibu, "Baba, kiazi kikianguka nitarudi nikiokote."

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Niliwabeba wanne wanne ndani ya kebini, wakongwe kwanza, safari sita kwenda na kurudi, hadi viti vikawa rangi ya barabara. Baba mdogo alikataa kuingia. Alitembea na mwavuli wake hadi mwisho, na tangu siku hiyo ananiita "dereva wa viazi". Hajanisamehe, na sijui kama atanisamehe. Nikialikwa mazishi mengine kesho nitafanya vilevile, na nitalipia vilevile. Ukinunua pikapu, sentensi ya kuwakatalia watu unaowaheshimu uwe nayo mdomoni tayari. Fundi hawezi kukuwekea.

Sasa jibu. Chukua kalenda ya mwaka uliopita, uhesabu siku ambazo ulihitaji kubeba kitu kisichoingia kwenye gari dogo. Zikiwa chini ya 10, kodisha. Karibu kila soko lina vijana wenye pikapu wanaongojea kazi, na kero zote hapo juu zitabaki kuwa zao. Zikizidi 30, nunua, na kama hubebi familia, chukua singokebini. Bodi yake hufika mita 2.3 hivi na godoro la watu linaingia na kilango kikafungwa. Zikiwa katikati, waulize jamaa zako, ila ujue jibu lao tayari unalo.

Zangu zilikuwa 41. Siku 41 pikapu na mimi tunaelewana kabisa, na zilizobaki tunavumiliana. Siiuzi.

Jumamosi nina magunia 18 ya kuteremsha Nairobi, kwa hivyo barabara itakuwa laini. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, panapo majaliwa.