Akufaaye kwa Dhiki

Mwaka 1886 kijana wa miaka 24, Walter Rauschenbusch, alikabidhiwa kanisa dogo la Wabaptisti wa Kijerumani mjini New York, kando ya mtaa wa Hell's Kitchen, yaani Jiko la Jahanamu. Alikwenda akidhani kazi yake ni kuokoa roho tu. Mtaa ukamfunza zaidi: wanaume waliokosa kazi, vyumba vya kupanga visivyopata hewa, na majeneza madogo ya watoto, moja baada ya jingine. Mazishi hayo yalimtia jeraha lisilopona.

Mwaka 1888 maradhi yalimwachia uziwi, naye hakuondoka. Alikaa miaka 11, hadi 1897. Kwa mchango wa tajiri John D. Rockefeller, Mbaptisti mwenziwe, waumini wake walipata jengo jipya. Jengo ni neema. Lakini halishibishi mwenye njaa wala halipunguzi kodi ya chumba. Ndiyo maana mwaka 1907, akiwa mwalimu wa chuo, alitoa kitabu kilichowataka Wakristo waikabili dhuluma ya kiwanda na soko kama walivyozoea kuikabili dhambi ya mtu mmoja mmoja.

Wahenga walinena: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi anayetaka kumuunga mkono mpanda kanisa katika mitaa kama ile, asihesabu matofali pekee. Amwezeshe kukaa. Kwani mtaa wenye dhiki humsadiki yule aliyewazika watoto wake, na kesho yake akaonekana tena mlangoni.