Rili ya Shilingi Laki Moja: Safari Yetu ya Watamu

Ukitoka Mombasa kwa njia ya Malindi, ukavuka Mtwapa, ukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke hukupokea kwa mkono wa kushoto, ukafuatana nawe mpaka karibu na Gede. Hapo ndipo pa kukunja kulia kwenda Watamu. Sisi tulishuka Gede kwanza, kwani haipendezi Mwislamu wa pwani hii kupita mlangoni mwa wazee wake bila ya kuwasalimu waliolala pale.

Gede ni magofu ya mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye msikiti wake wa Ijumaa, visima vyake na nyumba zilizobanana. Mna kaburi lililochorwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Waliochimbua magofu yale walikuta humo vipande vingi vya vyombo vya kauri kutoka China. Na anayefika Mambrui, mbele ya Malindi, ataona mnara wa kaburi uliopachikwa bakuli za namna hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba wazee wetu walilipia kwa thamani kubwa vitu vilivyofanywa kwa mikono ya mafundi wa mbali, wakavisubiri msimu baada ya msimu vije kwa jahazi. Kwa hivyo jambo lililotupeleka Watamu si geni katika mwambao huu, ijapokuwa chombo chenyewe ni kipya.

Mama mmoja wa darasa letu la akina mama alitujia baada ya somo akasema, "Shekhe, mwanangu ataka kununua chombo cha kuvulia kwa pesa za mabati." Mwanawe ni baharia katika mashua za kuwavusha wageni Watamu. Nyumba yao imeezekwa makuti yaliyochakaa, na kwa miaka miwili mama na mwana wamekuwa wakiweka pesa kwenye chama ili waezeke mabati kabla ya masika. Sasa mgeni mmoja anayerejea kwao yuko tayari kumwachia kijana huyo rili yake, iliyotengenezwa kwa mkono, kwa shilingi 90,000. Mgeni asema mpya yake ni zaidi ya maradufu ya bei hiyo. Kijana aona hiyo ni bahati, na mama aona paa lake likienda baharini.

Rili, kwa msomaji asiyeijua, ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Tulikaa ufuoni mchana kutwa tukiwatazama mabaharia wakizitoa mashuani na kuziosha, na mmoja wao akatufungulia moja tukaiona ndani. Mna bobina ya mshipi, mna meno ya chuma yanayozungushwa na mkono, mna beringi, na mna breki. Hiyo breki ndiyo roho ya chombo. Samaki mkubwa kama sulisuli akishanasa, hukimbia na mshipi mamia ya mita, na breki hutakiwa imwachie kwa ulaini bila ya kukwama hata mara moja. Ikikwama kidogo tu, mshipi hukatika. Tena msuguano ule hutoa joto, na maji ya chumvi nayo hula kila kisichokuwa madini mazuri. Rili ya bei rahisi, ambayo mwili wake umemiminwa kwenye kalibu, hupinda chini ya uzito, meno yakaachana, na baada ya miezi michache ya bahari yetu huwa ni chuma chakavu. Ile ya ghali huchongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu, kila sehemu ikalingana na mwenziwe, na mtu akiitunza humfaa miaka mingi. Huko Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, kampuni ya Hardy iliyoanza mwaka 1872 ilitengeneza rili ambazo zilizobaki katika hizo za kale zingali zikiuzwa na kutumiwa hadi leo. Hatuwezi basi kusema kwamba wanaolipa pesa hizo wanadanganywa. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu ina haki ya bei yake, na dini yetu imewatukuza watu wa kazi za mikono. Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme na bado alifua nguo za chuma.

Lakini tuliuliza swali moja na jibu lake likatufumbua macho: katika rili hizi, mkono umefanya nini hasa? Tukaambiwa kwamba nyingi katika zinazoitwa za mkono siku hizi huchongwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, kisha fundi huzisugua, huziunganisha na kuzijaribu. Fundi anayefanya yote mwenyewe yupo, ila ni wa nadra, na wateja humngoja muda mrefu. Basi katika bei ile mna madini, mna kazi, na mna jina na uchache. Viwili vya kwanza huvua samaki. Cha tatu hupendeza machoni mwa wenye rili wenziwe.

Tulipotoka hapo tulikwenda upande wa pili wa ufuo, walikokuwa wavuvi wa ngalawa. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya gogo akikunja mshipi wake kwenye kibao kilichotobolewa pembeni. Kibao hicho alikichonga mwenyewe. Vidole vyake vina makovu ya mshipi, na hayo ndiyo malipo ya kukosa breki, kwa sababu breki yake ni ngozi ya mkono. Tulimwuliza, "Mzee wetu, kwa kibao hiki wapata nguru?" Akacheka akasema, "Shekhe, nguru hajui bei ya mshipi." Kisha akaongeza neno ambalo hatukulitarajia: kama angepewa rili nzuri asingeikataa, kwa ajili ya vidole vyake, ila asingeinunua kabla ya kununua tanga jipya.

Tulikaa tukafanya hesabu na kijana mwenyewe, kwa upole, mbele ya wenziwe. Tuchukulie kilo ya nguru ni shilingi 500. Shilingi 90,000 ni kilo 180. Si kilo 180 za kuvua, bali za kuvua kupita zile ambazo angezipata kwa mshipi wa mkono au kwa rili za mwenye mashua. Na hapa ndipo penye fundo, kwa sababu katika mashua za wageni, vyombo vyote ni vya mwenye mashua. Baharia halazimiki kuja na chake. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wageni humheshimu baharia mwenye chombo chake kizuri, na bakshishi huongezeka. Hatukumkadhibisha. Tulimwuliza tu ni bakshishi ngapi zimeongezeka kwa wenziwe wenye rili zao, na hakupatikana aliyekuwa nayo.

Kuna msomaji atakayetuambia: mbona wanaume wa pwani hii hulipa maelfu kwa kofia ya vito? Ni kweli, na ni swali la haki. Kofia ile mshonaji wa Lamu huinamia tundu kwa tundu kwa miezi, na yule anayeivaa huingia nayo msikitini sawa na anayevaa ya mashine ya mia mbili. Sisi twaona tofauti iko mahali pawili. Pesa ya kofia hurudi katika nyumba zetu, mara nyingi mikononi mwa mwanamke anayelea, na anayeinunua kwa kawaida huwa ameshaezeka. Aliyenunua kofia ya vito na watoto wake walala chini ya makuti yanayovuja, huyo hukumu yake ni moja na ya kijana wetu.

Liko na jambo la sulisuli kupigwa alama na kuachiwa aende zake, ambalo akina mama wengi huliuliza kwa mshangao. Kumtesa kiumbe kwa mchezo hakufai, na maneno ya wanazuoni juu ya hilo ni mazito. Mabaharia nao walitueleza kwamba alama zile husaidia kujua samaki huyo aendako, na kwamba breki nzuri hufupisha mvutano ili arudi majini akiwa na nguvu. Mwenye kuvua ili ale au auze hana shaka yoyote. Mwenye kufanya kazi katika mashua hizo na moyo wake una wasiwasi, na amwulize mwanachuoni wake uso kwa uso, kwani hali za mashua hazilingani.

Kwa mama yule tulisema hivi: rili ni nzuri, bei yake si ya uwongo, na wakati wake kwenu bado. Na kwa kijana anayetaka kweli kuvua mwenyewe kwa fimbo, zipo rili madhubuti za kiwandani ambazo mabaharia wa Watamu huziamini, kwa sehemu ndogo ya bei ile, na vipuri vyake huagizwa kwa wepesi. Ile ya mgeni, ikivunjika jino moja, itabidi aliyeitengeneza ng'ambo atafutwe. Anayenunua iliyotumika na avute mshipi polepole kwa mkono asikilize kama breki inashika kwa mikupuo, azungushe mkono asikie kama meno yanakwaruza, na afungue kifuniko atazame kutu. Kisha aulize habari ya maji, kwani rili ya baharini huoshwa kwa maji baridi kila irudipo. Nyumbani kwa kijana huyu maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na anayeubeba ni mkewe.