Mwaka Tanga Ilipobaki Bila Timu

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Siumwi wala sijafungiwa na bosi. Nilikuwa Kwaluguru, Handeni, kwa mjomba wangu, na kule ukitaka mtandao ushike inabidi uupandie kilima. Nikaona isiwe taabu, simu nikaiweka kabatini, nikaenda kukaa kijiweni na watu.

Najua wengine mtauliza Kwaluguru ndiyo wapi. Handeni kwetu majina ya kata yanaanza na Kwa kama namba za simu zinavyoanza na sifuri: Kwamatuku, Kwamsisi, Kwachaga, Kwasunga, Kwedizinga. Ukipotea, taja Kwa halafu kohoa, utaelekezwa tu.

Nilifika mwishoni mwa Juni 2025, siku mbili baada ya Simba na Yanga. Mechi ile, kama mnakumbuka, ilikuwa ichezwe Machi 8, ikaahirishwa siku hiyo hiyo, ikaja kuchezwa Juni 25. Yanga akashinda 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo. Sasa fikiria hali ya kijiwe. Kahawa ipo, kashata ipo, bao limewekwa chini ya mwembe, lakini hakuna anayecheza. Wa Yanga benchi lao, wa Simba benchi lao, na katikati fundi pikipiki anapiga kelele huku ameshika spana. Mimi ni Simba, kwa hiyo nilisalimia wazee, nikajibanza pembeni nikanywa kahawa yangu taratibu.

Mjomba alikuwa anahesabu kete peke yake. Hakuinua kichwa. Akasema:

"Mnagombania nyumba za watu. Ya kwenu iliungua mwaka 2016 na hakuna aliyekwenda na ndoo."

Mtoto wa mjomba, ambaye ana miaka kumi na tisa na mguu wa kushoto ambao nitausemea baadaye, akauliza, "Ipi hiyo, baba?"

"Mgambo."

Kijana akacheka. "Ile ya jeshi?"

Hapo ndipo kijiwe kilipogeuka, na saa mbili zilizofuata hakuna aliyemtaja tena mwamuzi wa Juni 25.

Kwa wasomaji ambao hawakuwa na habari, ngoja nieleze kidogo. Mgambo Shooting, baadaye ikaitwa Mgambo JKT, ilikuwa timu ya kambi ya JKT Mgambo pale Kabuku, humu humu Handeni. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13 na ikakaa misimu minne. Nyumbani kwake ilikuwa Mkwakwani, Tanga mjini, na hilo nitalirudia kwa sababu lina mambo yake. Msimu wa 2015/16 ligi iliongezwa kutoka timu 14 kuwa 16, na Mkoa wa Tanga ukawa na timu tatu kwa mpigo: Coastal Union, African Sports ambayo ilikuwa imerudi baada ya miaka mingi, na Mgambo. Timu tatu kati ya kumi na sita! Dar es Salaam peke yake ndiyo ingeweza kututambia. Mwaka huo zilikuwa zinashuka timu tatu. Zikashuka Coastal Union, African Sports na Mgambo. Hakuna nyingine iliyoshuka. Mkoa ulianza msimu na timu tatu, ukamaliza bila hata moja, na kwa misimu miwili Mkwakwani haikuona mechi ya Ligi Kuu ya timu ya nyumbani.

Ukisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni utani wa watu wa Dar.

Mzee mmoja pale, mpenzi wa Coastal tangu walipochukua ubingwa mwaka 1988, alikuwa na nadharia yake. Anasema Tanga ilijiroga yenyewe. "Mtu wa Sports anaomba Coastal ishuke. Mtu wa Coastal anaomba Sports ishuke. Mungu si mchoyo, kawapa wote." Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini mzee hakucheka. Kisha akaongeza kwamba Mgambo ilikuwa inapita njia tu, ikapigwa na jiwe la ugomvi usiokuwa wake.

Fundi pikipiki hakukubali. Yeye Yanga wa kufa, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye grisi mpaka sikioni. Alisema Mgambo haikuwa ya watu wa Handeni, ilikuwa ya jeshi. Wachezaji wametoka kila kona ya nchi, kocha kaletwa, mechi zinachezwa Tanga mjini. Mtu wa Kwaluguru akitaka kuiona timu "yake" inabidi atoke huku mpaka barabara kuu, afike Segera, kisha zaidi ya kilomita 70 nyingine mpaka Tanga. Nauli ya kwenda, ya kurudi, kiingilio, na tumbo. "Simba na Yanga naziona kwenye kibanda umiza kwa mia tano. Nani yuko karibu na mimi hapo?"

Nikiri kwamba nilitafuta jibu la hilo na sikulipata haraka. Tangu Azam TV walipoanza kuonyesha ligi mwaka 2013, Jangwani na Msimbazi zimesogea mpaka mlangoni kwa fundi, na Mkwakwani imebaki pale pale ilipokuwa.

Mzee wa Coastal akamrushia swali: "Na Busungu je?"

Fundi akanyamaza kidogo. Malimi Busungu alikuwa mshambuliaji wa Mgambo. Mwaka 2015, kabla ya msimu ule wa balaa kuanza, Yanga wakamchukua. Septemba 26, 2015 Yanga wakaifunga Simba 2-0, bao moja la Amissi Tambwe, la pili la Busungu. Kwaluguru, naambiwa, usiku ule watu waliimba barabarani. Kijana wetu! Katoka Kabuku! Kampiga mnyama! Kumbe siku hiyo hiyo waliyokuwa wanamwita kijana wetu, timu yake ya zamani ilikuwa imeanza safari ya kushuka bila yeye.

"Kwa hiyo alikuwa wenu alipoondoka," mjomba akasema. "Alipokuwepo alikuwa wa jeshi."

Fundi akasema mpira ni ajira, mchezaji ana haki ya kwenda kunakolipa. Ni kweli, na hakuna pale aliyemlaumu Busungu. Lakini niliona fundi amerudi kwenye pikipiki yake na amefungua nati ambayo alikuwa ameifunga dakika tano nyuma.

Ndipo mjomba akaeleza ya kwake. Mimi mwenyewe nilikuwa siijui habari hii, na nimemjua mjomba maisha yangu yote.

Mjomba ni Simba. Alikuwa Simba kabla mimi sijazaliwa, ndiye aliyeniambukiza. Februari 2014 Simba walikwenda Tanga kucheza na Mgambo, na yeye akadandia lori la machungwa kwenda kuwaona Simba wake. Anasema aliingia Mkwakwani amevaa shati jekundu, amekaa na watu wa Simba waliotoka Dar, anapiga makofi nao. Mgambo wakapata bao. Moja bila.

"Nikajikuta nimesimama," anasema. "Sikutaka. Miguu ilisimama. Jirani yangu akaniangalia kama mwizi wa kuku. Nikakaa. Halafu nikafikiri, mbona nakaa? Hao walioko pale mbele, ukisema Kabuku wanajua ni wapi. Huyu niliyekaa naye hapa nikimwambia natoka Kwaluguru ataniuliza kama ni Kenya."

Mgambo wakashinda 1-0. Mwezi uliofuata, Machi 2014, Yanga nao wakaenda Mkwakwani, na mjomba akadandia lori tena. Mgambo 2, Yanga 1. Msimu ule Azam walichukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja, na Yanga waliokuwa wanawafukuzia hawakuhitaji kabisa kuangusha pointi Tanga. Timu ya Kabuku, iliyokuwa inahangaika isishuke daraja, iliwapiga wakubwa wote wawili ndani ya miezi miwili, kisha ikanusurika.

"Magazeti yakaandika Simba kafa. Yakaandika Yanga kafa," mjomba akasema, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Hakuna aliyeandika nani kaua. Nyie waandishi, maiti mnaijua jina, muuaji hamumjui."

Wakati ule nilikuwa bado mwanafunzi, lakini kijiweni ukishaitwa mwandishi unabeba mizigo ya waandishi wote tangu uhuru. Nikamweleza ukweli wa biashara ilivyo: ukurasa wa mbele wenye Simba au Yanga unauza, wenye Mgambo unarudi na vumbi. Mhariri si mchawi, anahesabu nakala. Mjomba akasikiliza, akasema, "Sawa, mpwa. Na mwaka 2016 ilikuwaje?"

Mwaka 2016 Yanga alichukua ubingwa, Tambwe akawa mfungaji bora kwa mabao 21, na kuna siku mwezi Mei ambapo Kwaluguru watu walichinja mbuzi. Siku zile zile Mgambo ilikuwa imeshuka. Mjomba anasema alikwenda kijiweni kutafuta wa kuongea naye, akakuta bendera za kijani na njano zimefungwa kwenye mwembe huu huu. Akanywa kahawa, akarudi nyumbani, akamwambia shangazi kwamba leo amefiwa. Shangazi akauliza nani. Akashindwa kumjibu.

Mimi nina maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga. Fundi ana haki kwa sehemu kubwa. Timu za majeshi zetu, ziwe za JKT, magereza au polisi, zinaishi kwa sababu kambi inazilisha, na watu wa mahali hawakuulizwa zije wala ziondoke. Huwezi kumlaumu mwanakijiji kwa kutoipigania timu ambayo hana kadi yake ya uanachama. Angalia tofauti: Coastal Union ilishuka msimu mmoja na Mgambo, lakini Coastal ina wenyewe. Ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, ikatoka 3-3 na Yanga, mabao yote matatu ya Abdul Sopu, ikaja kufia kwenye matuta. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya nne ikapata nafasi ya Afrika, ingawa Bravos do Maquis ya Angola wakaitoa mapema. Mgambo haijarudi. Haikuwa na mtu wa kuirudisha.

Ila hapo hapo ndipo ninapomwelewa mjomba. Kuna vitu havikuwa vyako kwa karatasi na bado vikiondoka unajua umepungukiwa. Kwa misimu minne mtoto wa Handeni mwenye kipaji aliweza kusema anataka kucheza Ligi Kuu na akanyoosha kidole kuonyesha upande. Kabuku kule. Haikuwa lazima wamchukue, lakini kidole kilikuwa na pa kuelekea.

Narudi kwenye ule mguu wa kushoto. Mtoto wa mjomba anacheza winga, na sisemi kwa sababu ni ndugu. Nimetazama mechi nyingi kwa mshahara, na huyu kijana ana kitu. Jioni ile, wazee walipotawanyika, alinifuata akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kweli tuliwafunga wote wawili?" Nikamwambia kweli. Akauliza tena mwaka gani, akahesabu kwa vidole. Alikuwa na miaka minane. Siku ile ya Machi anadhani alilia kwa sababu Yanga kafungwa.

Kisha akasema lile alilokuwa amelipanga tangu nifike: kwamba kuna timu ya vijana Dar inafanya majaribio, anataka nimchukue.

Mjomba alikataa usiku huo. Alikataa na asubuhi. Anasema wakiondoka wote wenye miguu Kwaluguru itabaki na wachambuzi tu. Kijana akamjibu, kwa adabu, macho chini, "Baba, nikibaki hapa nitamchezea nani?" Mjomba akachukua jembe akaenda shamba. Alirudi saa sita, akala, hakusema kitu. Mkoba wa kijana ukawa umeshawekwa mlangoni, na aliyeuweka ni shangazi.

Tuko naye hapa Dar siku ya tano sasa, analala sebuleni kwangu, anakimbia alfajiri kabla magari hayajajaa. Jezi aliyokuja nayo ni ya Yanga, nimemvumilia. Mjomba anapiga simu kila jioni, anaongea na mimi habari za mahindi.

Majaribio ni Jumamosi. Nauli ya kurudi mjomba ameshaituma.