Kura na Pumzi ya Watu

Katika kata ya Kinyala, wilayani Rungwe, kama katika kata nyingine nyingi za Tanzania, swali moja huulizwa kila msimu wa uchaguzi unapokaribia: kuna faida gani kupiga kura, ikiwa chama kinachotawala kimechosha na chama kinachotaka kutawala hakiaminiki? Aulizaye si mvivu wala si mjinga. Ni mtu aliyeamka alfajiri akakama ng'ombe wake, akakata mikungu ya ndizi, akaibeba hadi barabarani, na huko akakuta bei imekwisha kupangwa na mwingine. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kujua kama safari ya kwenda kituoni ni kazi au ni mchezo. Swali lake lastahili jibu la adabu, na jibu la adabu ni lile lisilomficha ukweli.

Kwanza yafaa kukiri kuwa lawama yake ina msingi. Chama cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, na tangu siku ile serikali ya Muungano haijapata kuongozwa na chama kingine. Mtu akikaa kitini muda mrefu husahau kuwa kiti si kiungo cha mwili wake. Huomba kura kwa unyenyekevu mara moja katika miaka mitano, na miaka iliyobaki hupita mbele ya wananchi vioo vya gari vimefungwa. Barabara iliyoahidiwa katika uchaguzi mmoja huahidiwa tena katika uchaguzi wa pili, nayo hufikia umri wa mtoto anayeanza shule kabla haijapata kokoto ya kwanza.

Walakini upande wa pili nao haukukosa mawaa. Mwaka 2007 viongozi wa upinzani walisimama Mwembeyanga, Dar es Salaam, wakasoma orodha ya watu waliowaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo, ijapokuwa hakupata kutiwa hatiani na mahakama. Mwaka 2015 Lowassa alikosa uteuzi wa CCM, akahamia CHADEMA, na chama kile kile kilichomshutumu kikamsimamisha kuwania urais. Dakta Willibrod Slaa, aliyeisoma orodha ile, akaachana na chama. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, na mwezi Machi 2019 alirejea CCM. Kisha Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu kwa jina la CHADEMA. Chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama, nao wakaendelea kuketi bungeni. Mkulima aliyetazama mambo haya kutoka mbali hakuweza kujua ni neno lipi la wakubwa lililokuwa la kweli na lipi la msimu.

Tena sheria yenyewe imemfungia mlango wa tatu. Asiyependa chama hiki wala kile hawezi kumchagua mtu mwema asiye na chama, kwa kuwa mgombea binafsi hakubaliwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimkubalia, Katiba ikarekebishwa kumzuia. Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kuwa katazo hilo lavunja haki za raia. Mtikila alifariki mwaka 2015, na mlango bado umefungwa.

Basi, je, asiyependa vyakula viwili vilivyoandaliwa alale na njaa? Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na historia ya nchi hii ina ushahidi wa methali hiyo. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wenye masharti ya kuudhi. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kana kwamba jamii zile zilikuwa sawa kwa hesabu. Haki yenyewe ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo, hata walioandikishwa nchi nzima hawakufika laki moja. Wengi katika TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari mwaka ule Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake. Matokeo yanajulikana. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na katika Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, ambalo Rungwe ilikuwa sehemu yake, John Mwakangale akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Chombo kilichoundwa ili kuchelewesha uhuru kiliuharakisha, kwa sababu walionyimwa chombo kizuri walikubali kushika kibaya kwa mkono thabiti.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1965, wakati Tanzania Bara ilipokuwa na chama kimoja tu kwa sheria. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Uchaguzi kati ya chama na chama haukuwapo. Uchaguzi kati ya mtu na mtu ulikuwapo, na wananchi waliutumia barabara. Wabunge wengi waliotetea viti vyao waliangushwa, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikuwa mmoja wao. Mpiga kura wa siku ile hakupewa chama cha pili cha kupenda. Alipewa nafasi ya kumwondoa mtu, naye akamwondoa.

Hapa ndipo siri ya kura ilipo. Wengi hudhani kura ni posa, na kwamba asiyempenda mchumba asiende harusini. Kwa fikira hiyo mtu hungoja chama kisicho na doa, na kwa kuwa wanadamu hawajapata kuunda chama cha malaika, hungoja mpaka kaburini. Kura yafanana zaidi na notisi anayopewa mpangaji. Mwenye nyumba hahitaji kumpenda mpangaji ajaye ili amtoe yule anayebomoa ukuta. Lililo muhimu ni kwamba mpangaji ajue, kila akipiga msumari, kuwa nyumba ina mwenyewe na kwamba mkataba una mwisho.

Wako wasemao kuwa kubaki nyumbani nako ni ujumbe, kwa sababu kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali ni nzuri, lakini sandukuni kimya hakihesabiwi. Mwaka 2010 walioandikishwa walizidi kidogo milioni 20, na waliopiga kura walikuwa kama milioni 8.6, yaani chini ya asilimia 43. Zaidi ya nusu ya wenye haki walinyamaza. Mshindo wa kimya chao haukumwangusha mbunge hata mmoja, wala haukupunguza mshahara wa yeyote. Wachache waliokwenda waliamua kwa niaba ya wengi waliokaa, na mshindi hakulazimika kumuuliza aliyekaa sababu ya hasira yake.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo la kuwaonya wakubwa kabla ya sanduku la kura kuletwa. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na baba zao, na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wakubwa waliwakabidhi vijana utawala wakajitenga kando. Hapakuwa na mtawala aliyeweza kudai kuwa zamu yake haina mwisho. Tena palikuwa na kitu kilichoitwa imbepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Aliyewakosea jirani zake alinung'unikiwa na kijiji kizima, na iliaminiwa kuwa manung'uniko yale yalimshukia kama baridi kali, akaugua mpaka ajirekebishe. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Imani hiyo ilikuwa na ubaya wake, kwa maana iliambatana na tuhuma za uchawi, na tuhuma huweza kumwangukia asiye na hatia. Lakini kiini chake kilikuwa adili kubwa: mwenye nguvu aliogopa nafsi za wasio na nguvu. Kura ni pumzi ile ile iliyopewa tarehe, sanduku na hesabu, ili imguse mkosaji bila kumuua na bila kumsingizia mtu.

Hata hivyo pumzi haimfikii mtu aliyejifungia katika nyumba isiyo na dirisha. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikatangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Tarehe 29 Oktoba 2025 nchi ilikwenda kwenye uchaguzi mkuu bila CHADEMA, iliyokuwa imekataa kutia saini maadili ya uchaguzi ikidai mabadiliko kwanza, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Ilitangazwa kuwa Rais Samia Suluhu Hassan alipata karibu asilimia 98 ya kura. Siku ile na zilizofuata maandamano yalizuka katika miji, intaneti ikazimwa, na watu wakauawa. Aliyebaki nyumbani mwaka 2010 kwa uchovu na aliyebaki nyumbani mwaka 2025 kwa kukosa wa kumchagua hawafai kupimwa kwa kibaba kimoja. Wa kwanza aliweka chini silaha aliyokuwa nayo. Wa pili alikuta ala tupu. Kura isiyoweza kumwondoa mtu ni saini chini ya barua iliyoandikwa na mwingine.

Jibu, basi, lina sehemu mbili. Pale ambapo kura yaweza kumwondoa mtawala, thamani yake ni kubwa hata kama wagombea wote ni wadogo, na kuiacha ni kumpa mkosaji likizo. Pale ambapo haiwezi, wajibu wa raia ni kuidai irudishiwe uwezo wake: mgombea akubaliwe au akataliwe kwa sababu zinazoonekana, hesabu isomwe mbele ya macho ya wote, na mtu mwema asiye na chama apate njia. Kazi hiyo haianzii Dodoma. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mtu mzima kiti katika mkutano mkuu wa kijiji, na katika mkutano huo mapato na matumizi ya kijiji yapaswa kusomwa. Huko hakuna haja ya kuchagua kati ya CCM na CHADEMA ili kuuliza fedha ya zahanati imekwenda wapi. Mwenyekiti wa kijiji huteka maji kisima kimoja na waliomchagua, na pumzi yao humfikia kabla haijapoa.

Kijiji kinachozoea kuuliza hapo kitajua kuuliza juu zaidi. Lakini kijiji kinachongoja wakubwa watakate ndipo kipige kura kitatawaliwa daima na wale wasiongoja kitu.