Baraza la Mlangoni na Baraza la Mitihani

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Juzi baada ya sala ya alasiri alinijia barazani, daftari kwapani, akaniamkia, akaniomba niipitie insha yake kabla hajaipeleka skuli. Mada aliyopewa ni umuhimu wa bandari katika maendeleo ya taifa. Nikasema moyoni, huyu leo kaangukiwa na bahati ya mtende. Kutoka mlango wetu hapa Malindi, Unguja, hadi lango la bandari, ukishika kikombe cha kahawa mkononi utafika nacho bado cha moto.

Nikavaa miwani. Bandari ni mahali maalumu palipotengwa kwa ajili ya kupakia na kushusha mizigo na abiria. Zifuatazo ni faida zake. Mosi, nchi hujipatia fedha za kigeni. Pili, wananchi hupata ajira. Hivyo hivyo mpaka ya sita, kisha akaishauri serikali, kisha akahitimisha. Kurasa mbili safi, hati nzuri kuliko yangu. Lau ningeambiwa kaandika kijana wa Dodoma ambaye maji ya chumvi hajapata kuyaonja, ningeamini bila kuuliza.

"Karafuu ziko wapi humu?" nikamwuliza. Jioni ile upepo ulikuwa ukizileta mpaka tulipokaa.

"Si nimeziandika, babu? Hizo hapo, faida ya kwanza. Mazao ya biashara."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilinikaa kooni, na nitaeleza kwa nini.

Nilizaliwa 1950, miaka miwili baada ya mgomo wa makuli wa bandari hii, ule uliousimamisha mji mzima na ambao Adam Shafi aliutia katika riwaya yake ya Kuli, iliyotoka 1979. Nilipofika miaka kumi na tano hivi kazi yangu ya jioni ilikuwa kuwaandikia watu barua. Yalikuwa yale majira baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyumba nyingi za mtaani zilikuwa na mtu aliyeondoka: Mombasa, Dubai, Cairo, London. Waliobaki wengi wao ni wazee. Bibi mmoja jirani yetu alisoma chuoni, msahafu akiujua vizuri, lakini herufi za kizungu hakuzijua, na mwanawe alikuwa Dubai. Basi mimi ndiye niliyekuwa kalamu yake.

Tukitumia karatasi ile nyembamba ya buluu ya barua za ndege, inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Ikijaa imejaa, huongezi kipande. Mara ya kwanza aliniambia, "Mwandikie hali zetu," nami kwa ujuzi wangu wa skuli nikaandika kwamba hali yetu ni mbaya sana na tunakabiliwa na shida kubwa. Akanitaka nimsomee. Nilipofika hapo akainua mkono.

"Futa. Mwambie dirisha la ukumbini bado halijatiwa mbao, na masika haya maji yameingia mpaka kitandani kwake."

"Lakini bibi, hapo hujamwomba kitu."

"Wewe andika. Yeye anakijua kitanda chake."

Na mambo mengine alinikataza kabisa. La dada mtu kuumwa lisitajwe, asije akalala macho ugenini. La fulani kuchukuliwa na kutorudi lilipita kwa fumbo, kwa jina la utani la utotoni, maana barua hukujua itafunguliwa na nani kabla ya kumfikia mwenyewe. Nikafuta, nikaandika, nikasoma tena kwa sauti, naye akisikiliza amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Baada ya miezi mitatu dirisha lilitiwa mbao.

Kwa maalim zangu nilijifunza herufi na nukta. Kuandika nilifundishwa na bibi yule asiyejua kuandika. Kila sentensi ilikuwa na mtu wake upande wa pili, mwenye sura, mwenye kitanda, na ukikosea kumwambia, kosa hilo unaliona: pesa haiji, au inakuja na maneno makali.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, baraza zetu zilichemka. Kijana wa Malindi hii hii, aliyenizidi miaka miwili, aliyeondoka na umri wa miaka 18. Wengine wakasema ni wetu, wengine wakasema ni wa Waingereza kwa kuwa Kiingereza ndicho anachoandikia. Na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ilipotolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ubishi ukaanza upya. Mimi nilikuwa na langu. Hotuba ya kupokea tuzo Gurnah aliianzia darasani. Alieleza kwamba skuli hakuna kipindi alichokingojea kama kile cha kuandika kisa, darasa zima likanyamaza, kila mtoto ameinamia deski anatafuta kichwani jambo la kusimulia. Hakuwa na ujumbe kwa ulimwengu. Aliandika kwa sababu kaambiwa aandike, na kwa sababu aliona raha.

Raha. Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa mimi nilikuwa maalim wa Kiswahili kwa miaka thelathini na kitu, na sidhani kama kuna mtoto aliyetoka darasani kwangu akaliweka neno hilo karibu na neno insha.

Vijana tunawasema sana. Hawasomi, wanafupisha maneno kwenye simu, wanaandika kama wanajaza fomu. Lakini fomu hiyo waliichapa akina nani? Darasa langu lilikuwa na watoto hamsini, mwaka mwingine sitini. Daftari sitini za insha, usiku, umeme wenyewe wa kuvizia. Nikagundua, kama walivyogundua wenzangu, kwamba insha yenye mifupa husahihishwa haraka: utangulizi upo, alama, hoja sita, alama, hitimisho, alama. Nikawapa mifupa. Nikawaandikia ubaoni sentensi za kuanzia na za kumalizia, wakazikariri, wakafaulu, wazazi wakanishukuru. Na sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulikariri vilevile, tofauti ni kwamba yetu tulikaririshwa kwa bakora. Mifupa si kitu kibaya, samaki hasimami bila mifupa. Ila mimi niliwapa watoto miba, nikawaambia hicho ndicho kitoweo.

Kuna msichana mmoja simsahau. Mada ilikuwa siku nisiyoisahau. Wenzake wote walianza kwa kueleza kwamba katika maisha ya mwanadamu kuna siku za furaha na za huzuni. Yeye alianza hivi: walipoukunja mkeka wake ndipo nilipojua kuwa bibi harudi. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Utangulizi uko wapi?" Nikamkata alama. Insha iliyofuata aliuweka utangulizi, mzuri tu, kama wa wenzake.

Baraza la Mitihani ni lazima, cheti kinatafutwa, sitamwambia mjukuu wangu adharau mtihani. Ila neno letu hili baraza lina mlango wa pili, na mtoto ameufunga. Anaamini yanayosemwa nyumbani hayafai kuandikwa. Historia na Jiografia anaziandika kwa Kiingereza, na hata kwenye Kiswahili akiandika "hichi" badala ya "hiki" anapigiwa mstari. Kiunguja kile kile kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, leo mtoto wa Unguja anaambiwa akivue mlangoni pamoja na viatu. (Mimi pia nilipiga mistari hiyo. Siku hizi "hichi" naisema kwa makusudi.) Shaaban Robert, aliyetuachia Kielezo cha Insha mwaka 1954, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Ya mizigo na bandari hakuyasoma kwenye orodha ya faida sita.

Basi juzi, nikiwa bado na daftari mkononi, simu ya kijana ikalia. Shangazi yake wa Maskati kamwuliza kama mzigo aliotuma umefika. Kijana akabonyeza, akaanza kumjibu kwa sauti. Jamani! Dakika tatu nzima: jinsi alivyosimama juani langoni, karani alivyomwambia arudi saa nane, hamali alivyopandisha bei alipoona mjukuu anaogopa kuchelewa, gari la hamali lilivyokwama kwenye shimo la maji machafu na boksi la juu likaanza kuteleza, na boti ya Dar imeshapiga honi, abiria wanakimbilia, hakuna wa kumshikia. Nililiona boksi. Nilitaka kuinuka nikalishike.

"Hiyo," nikamwambia. "Kaiandike hiyo."

"Babu, hiyo msahihishaji ataipa alama?"

Sikumjibu. Nilimwambia aandike mbili, moja ya skuli, moja ya baraza.

Jana ameileta ya baraza. Nilimtaka asome kwa sauti mbele ya wanywa kahawa, kama nilivyokuwa nikisoma barua. Aliona haya, akasoma. Kwenye boksi wakacheka, na mzee mmoja akasema bei hiyo ya hamali ni wizi. Mwishoni alikuwa ameongeza jambo la uzuri: usiku, mbalamwezi inang'aa juu ya bahari, na ngalawa zinaingia dikoni zimejaa dagaa. Mvuvi aliyekaa pembeni akaweka kikombe chini.

"Mbalamwezi na dagaa? Dagaa tunawavua giza, kwa taa. Mwezi ukijaa tunalala majumbani kwetu."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mvuvi. Akachukua kalamu, akasita kidogo juu ya mstari ule, akafuta mwezi.