Binti Asisubiri Mwaka kwa Sababu ya Mabati

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakitoka, simu za wazazi hujaa picha. Mmoja anatuma geti la chuo, mwingine hosteli ya ghorofa, na swali la kwanza linakuwa lilelile: "Chuo chenyewe kikoje?"

Familia moja ya Bunda nusura igawanyike kwa swali hilo. Binti yao alipata nafasi ya stashahada katika chuo kidogo cha mkoani. Baba alipoona picha za madarasa ya zamani na mabati yaliyopauka, akasema ni heri binti akae nyumbani mwaka mmoja, kisha aombe tena chuo chenye hadhi. Mama hakukubali, lakini hakutaka kubishana na mumewe mbele ya watoto. Akampigia simu baba yake mzazi.

Babu hakuhukumu. Aliomba tu kwamba Jumamosi wote wanne waende Musoma. Wakapanda Hiace, wakapita Makutano, pale njia ya kwenda Butiama inapochepuka, wakashuka mjini na kuelekea Shule ya Msingi Mwisenge.

Hapo ndipo Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alipoanza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Inasimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu alifungwa na mtoto huyo kwenye mchezo wa bao, akamshauri mzee Burito ampeleke shule. Kutoka Butiama hadi Musoma ni kama kilometa 40, hivyo mtoto alikaa bweni. Masomo ya miaka 4 aliyamaliza kwa miaka 3, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

"Tafuta ghorofa hapa," babu alimwambia mkwewe. "Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1961 kilianza na wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia mwaka 1964."

Baba alijibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Mzee, zama zile majengo mazuri hayakuwepo. Leo yapo. Kwa nini mwanangu aende kwenye yaliyochakaa? Mwaka mmoja ni nini?"

Babu akasema hilo la mwaka ndilo lililomfanya awalete Musoma. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo liliharakisha mpango wa kila mtoto kupata elimu ya msingi. Pia liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na mwenendo wake kazini uangaliwe kabla ya kupewa nafasi. Nia ilikuwa njema: msomi asijione yuko juu ya wananchi.

"Sisi wanaume tulisubiri, tukaenda," babu alisema. "Dada zetu wengi walisubiri, ng'ombe wakaingia zizini. Aliyeolewa akazaa, nani angemrudisha darasani?" Haikupita miaka mingi, masharti yakalegezwa kwa wasichana, kwa kuwa idadi yao chuo kikuu ilikuwa imepungua.

Binti, aliyekuwa kimya tangu Bunda, ndipo akafungua kinywa. "Baba, mimi siogopi mabati. Naogopa kukaa."

Baba hakumjibu hapohapo. Kumbe walikuwapo watu wawili waliokwishafika nyumbani kuulizia binti, naye hakumwambia mtu. Alimwambia mkewe usiku ule.

Jumatatu alipiga simu chuoni. Safari hii hakuuliza habari za geti. Aliuliza kama chuo kimesajiliwa na kozi inatambuliwa, walimu wa kozi hiyo ni wangapi, maji yanapatikana saa ngapi, matroni analala hosteli au anakwenda kwake, na ada inaweza kulipwa kwa awamu ngapi. Majibu mengine yalimridhisha, mengine hayakumridhisha. Hosteli haikutosha wanafunzi wote, kwa hiyo mama alisafiri kabla ya chuo kufunguliwa, akamtafutia binti chumba kwa mjane mmoja anayeishi jirani na chuo, badala ya kumwachia ajitafutie gheto mwenyewe.

Mzazi anayetazama picha leo ana haki ya kutaka jengo zuri. Lakini jengo linaweza kukarabatiwa mwanafunzi akiwa ndani. Nafasi ya binti ikishapita, si kila mara hurudi, na mwaka wa kukaa nyumbani una wageni wake. Kabla ya kumwambia "subiri", muulize kwanza yeye anaogopa nini.